Dawa za Kifafa na Kumbukumbu ya Panya

Kifafa hutokea wakati chembe nyingi za ubongo zinapopelekeana umeme kwa pamoja, pasipo utaratibu. Dawa iitwayo fenobabitali, iliyoanza kutumiwa kwa ugonjwa huu mwaka 1912, huzituliza chembe hizo. Lakini kujifunza nako ni kazi ya chembe hizo hizo. Je, dawa inayotuliza kifafa haitulizi na akili pia?

Swali hili limechunguzwa kwa panya. Panya hawezi kuulizwa anakumbuka nini. Hana budi kuonyesha kwa vitendo. Mwaka 1981 Richard Morris wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, alieleza njia moja. Birika kubwa la mviringo hutiwa maji yaliyochanganywa na maziwa. Chini kidogo ya uso wa maji hufichwa kibao. Panya akitiwa humo huogelea huku na huku mpaka akipate, apande apumzike. Siku zifuatazo hukifikia upesi zaidi, kwa kukumbuka alama za chumbani. Kisha kibao huondolewa. Panya anayekumbuka huogelea akizunguka pale pale kilipokuwa.

Basi kundi moja hupewa dawa, na la pili halipewi. Kundi la dawa likichelewa, tusikate shauri haraka: pengine panya wana usingizi tu, au miguu imelegea. Kwa sababu hiyo kibao huinuliwa juu ya maji kionekane. Wote wakikifikia sawasawa, twajua kuwa macho na miguu ni mizima. Kilichopungua ni kumbukumbu.

Majaribio kadha yameonyesha kuwa panya wachanga waliopewa fenobabitali hujifunza mahali polepole, hata baada ya dawa kuachwa. Mwaka 2002 wachunguzi wa Berlin, Ujerumani, walieleza kuwa dawa kadha za namna hii ziliua chembe za ubongo za panya wachanga. Lakini dawa zote si sawa: levetirasetamu haikupunguza kumbukumbu ya panya wazima.

Hata hivyo, kifafa chenyewe ni adui wa kumbukumbu. Kifafa cha muda mrefu huharibu hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kukumbuka mahali. Kwa hiyo daktari hupima hasara mbili, achague iliyo ndogo.

Panya si mtu, wala kipimo chake si chetu. Lakini yako mafundisho mawili. Kwanza, mwenzetu atumiaye dawa akiona masomo hayakai kichwani, asiitupe: kuiacha ghafula kwaweza kuleta kifafa kisichokoma, hata kifo. Amweleze daktari, naye aweza kumpunguzia kipimo au kumbadilishia dawa. Pili, sisi tusimwite mvivu. Huenda anashindana na mambo mawili kwa wakati mmoja, ugonjwa na dawa yake, na bado yumo darasani pamoja nasi.