Kitanzi Kilichoponyoka

Anayefuma sweta kwa mkono hujifunza kutofautisha kasoro mbili. Kitanzi kikiponyoka kwenye sindano, hana budi kukirudisha mapema. Akikiacha, vitanzi vya chini yake hufumuka kimoja baada ya kingine. Lakini uzi uliosokotwa kwa mkono ukiwa mnene hapa na mwembamba pale, sweta bado linatia joto. Anayelifumua kwa sababu hiyo halimalizi, na anayelisubiri anabaki na baridi.

Nasi ndivyo tulivyo. Dhambi tuipeleke kwenye kitubio bila kukawia. Udhaifu usio dhambi, kama kigugumizi, usituzuie kuhudumu. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake. Akajibiwa kwamba neema inatosha, akaendelea kuhubiri (2 Kor 12:7-9).

Tujiulize: ni kasoro gani tunaifumua kila siku, huku jirani akingoja?