Tezi zikizorota, neva nazo zichunguzwe

Hebu mfikirie mvulana wa miaka saba. Amekuwa mchovu, hana hamu ya chakula, hutapika mara kwa mara na hupenda kulamba chumvi. Mistari ya viganja vyake na makovu yake yamekuwa meusi kuliko zamani. Kisha siku moja anapata homa ndogo tu na kuzirai. Aghalabu wazazi hudhani ni malaria au minyoo.

Huenda tezi za adrenali zimezorota. Tezi hizi mbili hukaa juu ya figo na hutengeneza kotisoli, homoni inayodumisha sukari na shinikizo la damu, hasa mtu anapougua. Kotisoli ikipungua, tezi iliyo chini ya ubongo hutoa homoni nyingi ya kuzihimiza, nayo huifanya ngozi kuwa nyeusi zaidi. Fizi nyeusi tangu utotoni si ugonjwa. La kuchunguzwa ni mabadiliko.

Kwa wavulana, chanzo kimoja ni adrenolukodistrofia, ugonjwa wa neva wa kurithi ambao jeni yake iligunduliwa mwaka wa 1993. Mwili hushindwa kuvunja aina fulani ya mafuta, ambayo hurundikana katika tezi na kuharibu utando unaofunika neva. Mtoto huenda akabadilika tabia, akarudi nyuma masomoni, kisha akapoteza uwezo wa kuona na kutembea.

Hata hivyo, tezi zaweza kuzorota miaka kadhaa kabla ya dalili za neva. Kwa hivyo mvulana ambaye tezi zake zimezorota bila sababu inayojulikana apimwe damu kutafuta mafuta hayo. Madhara ya ubongo yakigunduliwa mapema, upandikizaji wa uboho unaweza kuyazuia. Lakini hauziponyi tezi. Hizo huhitaji haidrokotisoni kila siku, maisha yote.

Zingatia haya:

1. Usiache dawa ghafla. Mgonjwa akipata homa, ongeza kipimo kama daktari alivyoelekeza. Akiitapika dawa, mkimbize hospitalini adungwe sindano.

2. Mvulana mwenye ugonjwa huu apimwe homoni kila baada ya miezi michache, hata akionekana mzima.

3. Mvulana hurithi jeni hii kutoka kwa mama. Mama aliye nayo ana uwezekano wa nusu kwa nusu kumpitishia kila mwana. Si laana wala kosa lake. Ndugu wa kiume na wajomba wapimwe pia.

Kuzirai kwa mtoto kusipuuzwe.