DARSA LA RAMADHANI, SIKU YA 9: Mtoto Aliyekunywa Maji kwa Kujificha

Bismillahir Rahmanir Rahim



Leo nazungumza na wazazi. Baba, mama, bibi unayelea wajukuu, na wewe kaka mkubwa uliyeachiwa nyumba. Naanza na kosa langu mwenyewe, maana kosa la mwenzio ni rahisi kulitolea darsa.

Ramadhani iliyopita mwanangu, wakati huo ana miaka tisa, alisema anataka kufunga kama wakubwa. Nikafurahi. Siku moja narudi shamba saa kumi jioni, jua limeniishia kichwani, namkuta kasimama kwenye mtungi, kata mkononi. Nilimpiga, na nikamfokea mbele ya wenzake. Nikamwita muongo.

Kuanzia siku ile, mashallah, akafunga vizuri kweli. Sikumwona tena karibu na mtungi. Nikawa namsifu barazani kwa watu.

Baada ya Idd ndipo mama yake akaniambia ukweli. Mtoto alikuwa anashuka peke yake mchana mpaka kwenye visima vya bondeni, karibu na mto, anakunywa huko ili nisimwone. Ndugu zangu wa Kilambo, Ruvuma mnaijua. Mamba wake mnawajua. Mwili wote ulikufa ganzi.

Mama yake alipomuuliza kwa nini asinywe nyumbani, alijibu: "Mungu ananiona lakini hanipigi. Baba akiniona ananipiga."

*Hapo ndipo darsa letu lilipo leo.* Mimi nilidhani namfundisha mtoto kumcha Allah. Kumbe nilimfundisha kunikwepa mimi. Swaumu ni ibada ya siri kati ya mja na Mola wake. Mtu anaweza kunywa maji chooni na hakuna ajuaye. Sasa mtoto anayefunga kwa kuogopa fimbo, siku fimbo isipokuwepo atafunga kwa ajili ya nani?

*Mafundisho yanasemaje?*

Kwanza, mtoto ambaye hajabaleghe kalamu haimwandikii dhambi. Hilo tumelisoma wote tangu madrasa. Swaumu yake ni mazoezi. Anayefanya mazoezi huanguka, huinuliwa, hujaribu tena.

Pili, maswahaba waliwafunza watoto wao kufunga, lakini angalia walivyowafunza. Rubayyi' bint Mu'awwidh (R.A.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba siku ya Ashura walikuwa wakiwafungisha watoto, wakawatengenezea vitu vya kuchezea vya sufi. Mtoto akilia njaa, anapewa kile kitu achezee mpaka wakati wa kufuturu ufike. Jamani, hebu tutazame. Mama mwenyewe amefunga, mtoto analia, naye kabla ya hapo ameshakaa akashona mwanasesere kwa sababu anajua kilio kitakuja. Hakusubiri mtoto ashindwe ndipo amfokee.

Tatu, Mtume wetu (S.A.W.) alimjali mtoto hata kwa jambo ambalo sisi tungeliita la kitoto. Anas bin Malik (R.A.) alikuwa na mdogo wake, Abu Umayr, aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kikafa. Mtume alipomwona mtoto ana huzuni, aliuliza ana nini, kisha akazungumza naye kwa upole kuhusu kindege chake. Kiongozi wa umma, mwenye majeshi na wageni wa makabila, ana nafasi ya msiba wa kindege. Sisi wa kurudi shamba tu hatuna nafasi?

*Kwa nini jambo hili ni zito kwetu hapa?*

Sisi tunaishi mpakani. Oktoba 2020 Kitaya ilipovamiwa, wakubwa tulikesha tunaongea kwa sauti ya chini. Watoto tukawaambia walale. Ni nani kati yetu aliyewauliza walikuwa wanawaza nini gizani? Wengine leo ni vijana, na mlango ukigonga kwa nguvu bado wanashtuka. Tunawaambia "mwanaume haogopi". Haya, hofu imekwenda wapi? Imejificha tu, kama yule wangu na maji yake.

Na mtoto anayetuficha kiu leo, kesho atatwambiaje kwamba kuna mtu mzima anamshika vibaya? Au kuna mtu anamwahidi hela ili avuke naye mto? Anayeogopa kupigwa kwa kata moja ya maji hatakuja na habari kubwa kama hizo. Atabaki nazo peke yake.

*Basi tufanye nini, kuanzia leo?*

1. *Weka kiwango cha mtoto.* Mdogo afunge mpaka adhuhuri, ale, aendelee na michezo. Mwambie wazi: "Ukishindwa, njoo uniambie." Akija kweli, usimgeuzie maneno. Mpe maji, mwambie kesho tutajaribu tena.

2. *Ilinde saa ya mwisho kabla ya magharibi.* Mihogo iko jikoni, uji haujaiva, mtoto kamwaga maji, kichwa kinagonga. Hiyo ndiyo saa ya ugomvi majumbani. Hasira ikipanda na umesimama, kaa chini, kama tulivyofundishwa. Isipotulia, jilaze. La kusema utalisema baada ya tende. Mara nyingi utakuta halikuwa la kusema.

3. *Baada ya tarawehe, muulize swali moja:* "Leo nini kilikuumiza?" Kisha nyamaza. Usitoe mawaidha. Hata akisema kaibiwa gololi, sikiliza.

4. *Ukikosea, muombe radhi.* Najua, hili ndilo gumu. Tumelelewa kwamba mzazi haombi msamaha kwa mtoto. Lakini kila usiku wa mwezi huu tunamwomba Allah msamaha, na mwanao anakusikia.

Mimi nilimwita wangu baada ya Isha, tukakaa mkekani. Nikamwambia, "Mwanangu, baba alikosea. Haikuwa haki kukupiga na kukuaibisha. Nisamehe." Akakaa kimya, anachezea ukindu wa mkeka. Kisha akaniuliza: "Kwa hiyo nikisikia kiu nikwambie?" Nikamjibu, "Niambie."

Mwaka huu amefunga siku tatu kamili mpaka sasa. Juzi alikuja saa nane mchana, uso umemshuka: "Baba, leo nimeshindwa." Nikamchotea maji mimi mwenyewe. Wallahi, ile siku aliyoshindwa na kuja kuniambia ilinifurahisha kuliko zile zote nilizomsifu barazani.

*Swali la kujiuliza leo kabla ya futari:* Mwanangu akiwa na tatizo, mimi ni mtu wa kwanza kumkimbilia, au wa kwanza kufichwa?

Ewe Mola wetu, tusamehe tulivyowavunja moyo watoto uliotuamini nao. Zilainishe ndimi zetu wakati wa njaa. Wafanye watoto wetu wakupende Wewe, na wasituogope sisi kuliko Wewe. Walinde wa upande huu wa mto na wa upande ule. Aamiin.

Mtumie mzazi mwenzako, na ukiweza wasomee nyumbani kabla ya adhana.

Wabillahi tawfiq.