Beji ya Kifuani na Vipimo Vidogo kuliko Jicho

Kila mtumishi wa chumba cha eksirei huku Ufipa, awe Sumbawanga mjini au Namanyere, sharti avae kifuani, chini ya aproni ya risasi, beji ndogo ambayo baada ya muda uliowekwa hurejeshwa ili isomwe. Msimamizi wa mambo haya ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003.

Ndani ya beji aghalabu mna kipande cha floridi ya lithiamu, upana wake milimita tatu hivi. Mionzi ikikipiga, sehemu ya nishati hunaswa ndani ya fuwele, nayo hukaa humo hadi kipande kipashwe moto maabarani kupita nyuzi 200, ndipo itokapo kwa sura ya nuru, na wingi wa nuru hiyo ndio ushahidi wa kiasi alichopata mvaaji. Hakihitaji betri wala waya, na tabia yake mbele ya mionzi yakaribia ile ya nyama ya mwili. Kwa uwanda wa Ufipa, ulio mbali na maabara, hiyo ni fadhila kubwa.

Walakini beji hutaja jumla tu, ilhali seli ya mwili haizidi sana sehemu moja ya mia ya milimita, na madhara hutegemea pia jinsi nishati ilivyosongamana ndani yake. Hapo, ili kupima ndani ya upana mdogo kiasi hicho, wataalamu hutumia silikoni, ikatwayo nyembamba kama seli na kutoa ishara yenye nguvu, kwani kila jozi ya chaji izaliwayo humo na mionzi yaigharimu nishati ya elektronivolti 3.6 tu, ila ni nzito kuliko nyama, na hesabu zake sharti zisahihishwe. Almasi, ambayo sisi twaijua kwa habari za mgodi wa Mwadui, lakini ya vipimo aghalabu hukuzwa maabarani, ni kaboni tupu, karibu zaidi na mwili, tena haichakai upesi. Ila yadai elektronivolti 13, na ishara yake ni hafifu. Kwa vipimo vya matibabu ya saratani kwa miali ya kaboni, kama yafanywavyo Japani, sisi twaipendelea almasi. Kwa mtumishi wa Ufipa, floridi ya lithiamu yatosha.

Basi ewe mtumishi, ivae beji yako kila siku ya kazi, usiiache chumbani mwa mashine wala juani, na uirejeshe kwa wakati.