Ujira Kwanza, Bahshishi Baadaye

Somo kwa kamati za parokia na kwa wafadhili wanaotutembelea



Kila mwaka mvua zikishakatika na barabara za Momba na Ileje zikaanza kupitika, wageni kutoka parokia rafiki za nje huanza kufika. Na karibu kila ziara hutuletea swali moja kutoka pande mbili. Mgeni anauliza: "Nimpe nani, na nimpe kiasi gani?" Kamati nayo inauliza: "Tumwambie nini, bila kuonekana kwamba tunaomba?" Katika toleo hili tumeona vema tulizungumze jambo hilo waziwazi, maana likiachwa huzaa manung'uniko yanayoendelea muda mrefu baada ya mgeni kurudi kwao.

Tuanzie Tunduma mjini. Wageni wengi hushukia uwanja wa ndege wa Songwe (ambao, pamoja na jina lake, uko mkoa wa Mbeya), kisha huja kwa gari kupitia Mlowo na Vwawa hadi mpakani. Wengine hutokea Zambia kupitia Nakonde. Tangu tarehe 5 Oktoba 2019, Rais Magufuli na Rais Lungu walipozindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, taratibu za nchi zote mbili hukamilishwa mahali pamoja. Lakini mzigo hauna miguu. Yupo kuli anayeubeba, yupo mwenye guta, yupo kijana wa bodaboda, yupo mama lishe anayempikia dereva wa lori aliyekwama foleni, na yupo utingo anayelala chini ya lori hilo ili mali isiibiwe. Wengi wao hawana mshahara wa mwezi. Leo wasipopata kazi, leo hiyohiyo nyumbani hakuna unga.

Mgeni anapopita kati ya watu hawa na fedha mkononi, noti ileile inaweza kuwa ujira, bahshishi, sadaka au rushwa. Tofauti haiko kwenye noti. Iko katika nani anapewa, lini, na kwa sababu gani.

Ujira ni haki ya aliyefanya kazi. Hapa ndipo wageni wengi wanapoteleza, na mara nyingi wanateleza kwa upole. Kuli anamwambia mgeni, "Utanipa chochote, bosi." Mgeni anafurahi kwamba hakuna kubishana. Mkalimani naye, kwa kuona aibu kuzungumza habari za fedha mbele ya wageni, anasema, "Twende, tutaelewana." Mizigo inafika, na kuelewana hakupo. Mgeni akitoa kidogo, ni ugomvi mbele ya watu. Akitoa mara kumi ya bei ya kawaida, kila mtu anacheka siku hiyo. Lakini kesho yake mama wa Tunduma anayevusha gunia lake la mchele anamwita kuli huyohuyo, naye kuli anatazama juu ya kichwa chake akimtafuta mgeni mwingine. Ukarimu wa jana umempandishia bei mtu ambaye mgeni hakumwona kabisa.

Kwa hiyo tunashauri bei itajwe kabla mzigo haujaondoka chini, na itajwe na mtu wa hapa anayeijua. Kukubaliana bei mapema si ubahili. Ni kumheshimu kuli kama mtu mwenye kazi, si kumtazama kama mtu anayengoja huruma. Na bei ikishatajwa ilipwe yote, palepale. Kumbukumbu la Torati sura ya 24, aya ya 14 na 15, linaagiza kwamba kibarua maskini alipwe siku hiyohiyo kabla jua halijazama, awe ndugu au mgeni, kwa sababu moyo wake unautegemea ujira huo. Tunaona aya hizo zinafaa kusomwa katika kikao cha kuandaa ziara, kabla ya kufika kwenye ajenda ya nani atakaa meza kuu.

Bahshishi ni kitu kingine. Hutolewa baada ya kazi, kwa sababu kazi imefanyika vizuri, na humfikia aliyeifanya. Kwetu tunaiita hela ya soda au hela ya maji, au tunasema tu, "Chenji ibaki." Majina hayo yenyewe yanaonyesha ukubwa wake: ni nyongeza. Hakuna mtu anayelisha watoto kwa hela ya soda.

Lakini zipo nchi na zipo kazi ambako nyongeza imegeuka kuwa mshahara wenyewe, na inafaa wasomaji wetu wajue ilivyo. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bahshishi dola 2.13 tu kwa saa, na kiwango hicho hakijabadilika tangu mwaka 1991. Bahshishi zisipofikia kima cha chini cha kawaida, mwajiri anatakiwa kuongezea. Yako majimbo yanayotaka zaidi ya hapo, lakini desturi ya Mmarekani kuacha fungu kubwa mezani imekulia katika mpango huo: anajua kwamba asipotoa yeye, mhudumu ameumia. Mgeni kutoka Japani hana desturi hiyo kabisa. Kamati isishangae basi kuona wageni wawili wa ziara moja wakitenda tofauti mezani pa mama lishe. Wote wawili wanafanya walivyolelewa.

Mfano wa nyumbani ni Kilimanjaro. Wapagazi wa mlima huo kwa miaka mingi wamelalamikia ujira mdogo, mizigo mizito na bahshishi isiyowafikia. Kampuni inayotaka kuuza safari kwa bei ya chini hupunguza pale ambapo mteja hataona, yaani kwenye malipo ya mpagazi, ikitumaini kwamba bahshishi ya mteja itaziba pengo. Halafu bahshishi hiyo huwekwa yote katika bahasha moja na kukabidhiwa kiongozi mmoja, na inaposhuka kutoka mkono hadi mkono hupungua njiani. Mwaka 2003 ulianzishwa mradi wa kuwasaidia wapagazi hao, unaojulikana kwa kifupi kama KPAP. Pamoja na kufuatilia malipo, chakula na uzito wa mizigo, mradi huo unasisitiza bahshishi itolewe kwa uwazi ili kila mmoja ajue fungu lake. Hakuna ugumu wowote katika mpango huo. Kiasi kinatangazwa mbele ya wote, na kila mtu anapokea mwenyewe.

Tumeutaja mlima kwa sababu parokia zetu nazo zina wapagazi wake. Mgeni akija, wako akina mama wanaoamka saa kumi alfajiri kukoroga uji na kuchinja kuku. Yuko mlinzi anayekesha kwenye nyumba ya wageni. Yuko dereva anayetoka Vwawa hadi Kamsamba na kurudi akiwa na vumbi hadi kwenye kope, na yuko kijana anayetafsiri kutwa nzima mpaka sauti inakauka. Mara nyingi watu hao huambiwa kwamba wanajitolea. Wengine kweli wanajitolea, na Mungu awabariki. Lakini kujitolea ni kwa hiari ya anayejitolea. Mtu aliyepangiwa zamu na kuambiwa asikose ni mfanyakazi, na siku hiyo hakwenda shambani wala sokoni. Ziara inapokwisha, mgeni anaacha bahasha kwa mwenyekiti "kwa ajili ya wote". Mwenyekiti anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini mpishi asiyejua bahasha ilikuwa na kiasi gani hana njia ya kuujua uaminifu huo. Anachojua ni kwamba alipewa sabuni mche mmoja.

Hapo ndipo tunapopenda kamati zisimame na kufikiri. Bajeti ya ziara huwa na mafuta ya gari, vinywaji, kitambaa cha meza na zawadi ya mgeni. Iwe pia na mstari wa ujira wa wapishi, mlinzi, dereva na mkalimani, kwa kiasi kilichokubaliwa nao kabla. Aliyeajiriwa na parokia kwa kudumu ana haki zake chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na bahshishi ya mgeni haihesabiwi kama sehemu ya deni ambalo parokia inadaiwa. Na ninyi wafadhili, mkiletewa bajeti isiyo na mstari huo, tunawaomba muulize. Swali hilo halitamwaibisha mtu kama likiulizwa mapema, kwa barua, na si siku ya kuagana. Kisha mkitaka kutoa bahshishi, itangazwe kikaoni na kila mmoja aipokee kwa mkono wake, pamoja na yule anayesafisha vyoo.

Sasa rushwa. Ugumu wa lugha yetu ni kwamba neno chai linaweza kumaanisha asante ya kweli, tena linaweza kumaanisha hongo. Kipimo chetu ni hiki: fedha inayotolewa kabla ya huduma, kwa mtu mwenye mamlaka ya kukuzuia, si bahshishi hata ikiitwa soda. Kuli hana muhuri. Ukimwongezea, hakuna aliyeonewa. Mwenye muhuri ukimpa chochote, umemnyima haki aliye nyuma yako kwenye foleni ambaye hana cha kutoa. Taifa zima liliwahi kujifunza somo hili. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani ukarimu wa jadi wa mgombea kwa wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo, kwa kuona kwamba vilimpendelea mgombea mwenye fedha na kwamba mstari kati ya takrima na rushwa haukuonekana. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, nayo haimtofautishi mgeni na mwenyeji. Kamati imweleze mgeni jambo hili kabla hajafika mpakani, na imwambie pia kwamba kungoja saa mbili kwenye foleni ya Tunduma hakujamuua mtu.

Kuhusu sadaka tutasema kidogo tu. Watoto wanaozunguka gari wakinyoosha mikono wasitupiwe fedha wala pipi kupitia dirishani. Mwenye nia ya kuwasaidia aipeleke shuleni au kwa kamati, na apewe stakabadhi.

Yamebaki mambo madogo ambayo hata hivyo huharibu nia njema. Toeni shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza bei na malipo ya huduma za ndani kwa fedha za kigeni, na kwa kuli dola moja ni kazi nyingine ya kutafuta wa kuibadilisha. Sarafu za kigeni ndizo hasara tupu, kwa kuwa wabadilisha fedha hawazitaki. Mgeni aliyewahi kuja zamani akatunza noti zetu kwa ukumbusho azitazame vizuri kabla ya kuzigawa: Benki Kuu ilitoa muda kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 wa kurudisha noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, na baada ya hapo zikakoma kuwa fedha halali. Vivyo hivyo kwa wanaotokea Nakonde, kwacha zilizokuwapo kabla Zambia haijaondoa sufuri tatu mwezi Januari 2013 ni karatasi tu. Tena chencheni noti kubwa mapema, Mlowo au Vwawa, maana noti ya elfu kumi mbele ya mama lishe saa moja asubuhi humfanya akimbie duka hadi duka akitafuta chenji huku chapati zinaungua.

Na ikiwa mgeni amekwisha kurudi kwao ndipo akakumbuka kwamba hakumwaga dereva, inawezekana kumtumia kwa simu. Aulize kwanza jina lililosajiliwa kwenye namba hiyo, na aongeze na ya kutolea.