Waya wa Joto Uvunguni: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Aliyekulia Bujumbura au Mwanza hajawahi kuona bomba likiganda. Akihamia Minnesota au Maine na kupanga nyumba ya trela, anakuta uvunguni kuna waya wa umeme uliofungwa kwenye bomba la maji ili lisigande. Wengi hawaujui mpaka maji yakatike, au wasikie harufu ya kuungua.

KAGUA mwezi wa Oktoba, kabla ya theluji. Chomoa plagi kwanza, ndipo uingie na tochi. Angalia waya wote hadi nchani, si pale mkono unapofika tu. Ukunje kidogo: ganda lililozeeka hutoa nyufa nyembamba, kama tope lililokaukia juani. Tafuta alama za meno ya panya. Tafuta doa la kahawia. Hapo pameshaanza kuungua. Ukikuta lolote kati ya haya, toa waya mzima, nunua mpya.

USIZIBE ufa kwa tepu ya umeme. Nakusihi sana. Tepu inaficha ubovu, haiuondoi, na unyevu utapenya chini yake.

USIPITISHE waya juu ya waya. Nyaya nyingi hutoa joto lilelile wakati wote, na zinapopandana joto hujilimbikiza hadi ganda liyeyuke. Zipo zinazojipunguza zenyewe. Hata hizo, fuata kijitabu chake.

USIUKATE ili uwe mfupi. Pima bomba, ununue unaolingana nalo.

CHOMEKA kwenye soketi inayojikata umeme unapovuja, ile yenye vitufe viwili. Bonyeza cha kujaribia. Umeme usipokatika, soketi ibadilishwe. Ekstensheni, hapana.

JARIBU themostati. Nyingi huwasha waya baridi ikifika karibu nyuzi 3 za Selsiasi. Waya ukiwa mzima na umechomekwa, tia barafu kwenye mfuko wa plastiki, uegemeze kwenye themostati kwa dakika 10, kisha gusa waya kwa juu. Ukiwa bado baridi, usiutegemee Januari.

USIFUNIKE kwa matambara, magazeti wala sponji ya godoro. Kinachofaa ni faibaglasi isiyoshika moto, tena kama kijitabu kinaruhusu. Ondoa pia majani makavu na maboksi yaliyo karibu.

Kama umepanga, mwandikie mwenye nyumba leo, umpe na picha ya waya. Akichelewa, acha bomba la jikoni lichirizike usiku kucha, lakini waya mbovu usiuchomeke hata kwa usiku mmoja.