NANI ANGEPIGA NANI? Somo juu ya ngumi, kilo na miaka



Katika dortuari na hata mezani tunasikia ubishi mmoja usioisha: kama Muhammad Ali angekutana na Joe Louis, nani angeshinda? Na Mike Tyson je? Wamoja wanasema wazee walikuwa na nguvu kupita wa leo, wengine wanasema wa leo wangewamaliza mara moja. Ubishi si mbaya, unanoa akili. Lakini ubishi huu umezaa jambo baya. Jioni ya siku ya posho, nyuma ya dortuari, wakubwa wanasimamisha mtoto wa kalasi ya chini mbele ya mkubwa na kumwambia: «Usiogope, Ali naye alikuwa mdogo mbele ya Foreman.» Maneno hayo si ya kweli. Tujifunze pamoja, hatua kwa hatua.

1. Kinshasa, 1974

Tarehe 30 Oktoba 1974, saa kumi ya usiku, Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya 8. Ilikuwa katika uwanja wa 20 Mai, ule unaoitwa leo Tata Raphaël. Wengi wanasimulia mambo hayo kama hadithi ya sungura na tembo. Lakini kwenye mizani Foreman alikuwa na kilo karibu 100, na Ali kilo 98. Kilo mbili tu! Hata urefu wao ulikuwa karibu sawa. Tofauti kubwa ilikuwa ya miaka: Foreman alikuwa na 25, Ali 32.

Basi Ali alishinda namna gani? Aliegemea kamba, akafunika uso na mbavu, akamwacha mwenzake atupe ngumi katika joto lile mpaka mikono ikawa mizito. Kiisha akamrudishia. Ile ni akili iliyoshinda nguvu, ndiyo, lakini kati ya watu wawili wa kilo moja. Haiko mdogo aliyeshinda mkubwa.

2. Ngumi si hesabu ya ubao

Kwenye ubao tunaandika: kama A anapita B, na B anapita C, basi A anapita C. Sasa angalieni. Joe Frazier alimshinda Ali mwaka 1971, Ken Norton akamshinda mwaka 1973. Foreman naye alimwangusha Frazier mara 6 katika raundi 2 huko Kingston (Januari 1973), na Norton vilevile hakupita raundi ya 2 huko Caracas (Machi 1974). Kwa hesabu ile, Foreman alipashwa kumpiga Ali bila shida. Kumbe hapana!

Juu ya nini? Frazier alikuwa mtu wa kuingia mbele, akiinama. Alijipeleka mwenyewe ndani ya ngumi za Foreman. Ali hakuwa wa namna ile. Kwa hiyo tusiulize tu «Nani alimpiga nani?» Tuulize pia: «Namna yake inafaa mbele ya namna ya nani?»

3. Kilo zinasema

Wapiga-ngumi wanapangwa kwa kilo, na si kwa kupenda. Ngumi haitoki mkononi tu: inaanza miguuni, inapita kiunoni, mwili wote unasukuma. Na shingo ya mtu mwepesi ndiyo inapokea.

Ray Robinson, ambaye wengi wanamwita hodari kuliko wote, alipanda mwaka 1952 kupigana na Joey Maxim aliyemzidi kilo 7 hivi. Alikuwa akiongoza kwa pointi. Lakini joto la New York lilikuwa kali hata mwamuzi wa kwanza akabadilishwa, na Robinson hakuweza kusimama kwa raundi ya 14.

Bob Foster alikuwa bingwa wa kikundi cha kilo 79, na huko waliogopa sana mkono wake. Alipojaribu wazito, Frazier alimmaliza katika raundi ya 2 (1970), Ali katika raundi ya 8 (1972). Michael Spinks, wa kikundi kile kile, aliongeza mwili kwanza, akamshinda Larry Holmes mwaka 1985. Ni vizuri. Lakini mwaka 1988 Tyson alimmaliza kwa sekunde 91.

Mtu atasema: na Jack Dempsey je? Kweli, mwaka 1919 Dempsey wa kilo 85 alimwangusha Jess Willard wa kilo 111 mara 7 katika raundi moja. Lakini Willard alikuwa na miaka 37, tena alikuwa amekaa miaka mitatu bila kutetea ubingwa wake.

4. Miaka inabadilisha mchezo

Mwaka 1915 huko Havana, Willard na Jack Johnson walipangiwa raundi 45. Walifika ya 26. Kiisha desturi ikawa raundi 15. Baada ya kifo cha Duk Koo Kim mwaka 1982, raundi zikaanza kupunguzwa kuwa 12. Dempsey aliweza kumsimamia Willard pale chini na kumpiga akiinuka. Leo mpigaji anapashwa kwenda pembeni na kungoja.

Miili nayo imekua. Joe Louis, bingwa tangu 1937 mpaka 1949, alikuwa na kilo 90 hivi. Mwaka 2024 huko Riyadh, Tyson Fury alikuwa na karibu kilo 119, na Oleksandr Usyk aliyemshinda kwa pointi alikuwa na 101.

Basi anayeuliza «Louis ao Ali?» aseme kwanza: raundi ngapi? Sheria za mwaka gani? Kila mmoja na umri gani? Bila hayo, jibu ni upepo. Hata mashine ilijaribu. Mwaka 1970 walionyesha filamu ya mpigano wa Ali na Rocky Marciano, mwisho wake ukatolewa na kompyuta. Marekani waliona Marciano akishinda katika raundi ya 13. Ulaya waliona Ali akishinda! Mashine inarudisha yale watu wameweka ndani yake.

Ndiyo sababu watu wanasema «kilo kwa kilo»: ni kusema, kama wote wangekuwa na mwili mmoja, nani angekuwa na ufundi zaidi? Ni swali zuri la kubishana. Lakini si ruhusa ya kupiganisha watu.

5. Hesabu yetu sisi

Sasa chukueni kalamu. Willard alimzidi Dempsey kilo 26 juu ya 85: haifiki hata tuseme theluthi moja. Watu wanaikumbuka mpaka leo kwa kuwa ni ajabu. Mtoto wa kilo 40 mbele ya mkubwa wa kilo 60, tofauti ni nusu nzima ya mwili wake. Hata hawa mabingwa tuliowataja, wenye glavu, mwamuzi na mganga karibu, hakuna aliyepewa mzigo wa namna ile. Na yule mtoto hana hata mwamuzi, iko na watu wa kucheka tu.

Kwa hiyo sisi wa kalasi ya mwisho tunaomba mambo mawili. Ubishi uendelee, na kila mtu alete miaka, kilo na sheria, si kelele. Na anayetaka kupima ngumi zake atafute wa kilo zake, mbele ya mwalimu wa michezo, na glavu mikononi. Mkubwa anayemtafuta mdogo hajifananishe na Ali. Ali alimtafuta Foreman.